Mwale wa Tochi Kwenye Jalada la Kitabu: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Miyuji

Mwezi wa Agosti, wakati upepo wa kiangazi umekwisha kuikausha Dodoma kiasi kwamba vumbi linaingia hata ndani ya kabati lililofungwa, mchoraji mmoja kijana anayeishi Miyuji aliniletea kompyuta mpakato yake ikiwa na picha ambayo mchapishaji alikuwa ameirudisha mara mbili. Ilikuwa picha ya jalada la kitabu cha watoto, ukubwa wa A4, yaani pikseli 2480 kwa 3508 kwa kiwango cha nukta 300 kwa inchi, na ilikuwa imechorwa kwa Krita, programu ya bure inayowafaa wachoraji wasio na fedha ya leseni. Hadithi yenyewe ni nyepesi: mtoto wa Kigogo anatoka usiku na tochi kumtafuta ndama ambaye hakurudi zizini pamoja na wenzake. Mtoto amesimama kushoto, tochi ameishika usawa wa kiuno, ndama yuko kulia, nyuma yake kuna mbuyu, na mbali zaidi, gizani, yanawaka macho mawili ya fisi. Mchapishaji alikuwa ameandika sentensi moja tu, kwamba mwanga wa tochi hauaminiki.

“Wamesema hauaminiki kwa sababu gani?” nilimuuliza baada ya kuitikia shikamoo yake.

“Hawakusema, Mwalimu. Mimi mwenyewe nauona una kasoro, ila sijui imekaa wapi.”

Tulifungua faili lake tabaka kwa tabaka. Mandhari ya nyuma ilikuwa nyeusi tupu, sifuri kwa sifuri kwa sifuri, yaani nyekundu, kijani na bluu zote ziko chini kabisa ya mizani inayoishia 255. Juu yake walikuwapo mtoto, ndama na mbuyu, wote wamepakwa rangi za mchana kisha wakatiwa weusi kwa brashi laini. Juu ya vyote lilikuwapo tabaka moja lenye pembetatu nyeupe iliyoanzia kwenye kioo cha tochi na kupanuka hadi ukingo wa kulia wa picha, uzito wake ukiwa umepunguzwa hadi asilimia 50. Katika toleo la kwanza kingo za pembetatu hiyo zilikuwa kali kama zimekatwa kwa wembe. Katika toleo la pili alikuwa amezitia ukungu kwa filta, na hapo pembetatu ya karatasi ikageuka pembetatu ya pamba. Ardhi nyekundu iliyokuwa chini yake ilikuwa imekuwa ya kijivu chenye maziwa, na ndama wa kahawia alionekana kama amemwagiwa unga wa mtama.

Nilimuuliza kwa nini hakutumia modi nyingine ya kuchanganya matabaka badala ya ile ya kawaida. Akajibu kwamba alikuwa amejaribu Ovalei kama alivyofundishwa kwenye video, lakini mwale ukapotea kabisa, akadhani kompyuta yake ina hitilafu. Hitilafu haikuwapo. Ovalei, kwa sehemu zote zilizo chini ya nusu ya mizani, huzidisha thamani ya rangi ya chini kwa ile ya juu, nyeupe kamili ikihesabiwa kuwa moja, na kisha kuongeza mara mbili, na sifuri ukiizidisha kwa chochote inabaki sifuri. Hata kama giza lake lingekuwa na thamani ya 20 badala ya sifuri, nyeupe kamili juu yake kwa Ovalei ingeifikisha 40 tu, tofauti ambayo katika skrini ya simu hakuna atakayeiona. Skrini, ile modi ya kuchanganya na wala si kioo cha kompyuta, hufanya kazi kwa kanuni nyingine: rangi yenye thamani ya 90 ikiwekwa juu ya giza la 20 hutoa 103, na ikiwekwa juu ya weusi tupu hutoa 90 yenyewe. Kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa rahisi, nami nalipita haraka: usiku usiwe weusi tupu. Anga la Dodoma lisilo na mwezi, mbali na taa za mjini, bado lina nyota na lina umbo la vilima, na tuliliweka kwenye bluu nzito ya 14, 18 na 28.

Lakini kubadilisha modi kusingemponya mtu huyu. Kosa lake kubwa lilikuwa kutumia tabaka moja kwa kazi mbili zisizofanana. Mwanga wa tochi unafanya kazi ya kwanza pale unapofika kwenye kitu: ardhi, ngozi ya ndama, gome la mbuyu. Hapo mwanga hauongezi weupe. Unaifichua rangi ya kitu chenyewe, ndiyo sababu udongo mwekundu ukimulikwa huwa mwekundu zaidi, hauwi wa kijivu. Kazi ya pili hufanyika hewani, kabla mwanga haujafika popote, pale chembe za vumbi, moshi au unyevu zinapoutawanya hadi sehemu yake ikayafikia macho ya mtu aliyesimama pembeni. Huo ndio tunaouita mwale, na huo kweli hujiongeza juu ya kila kilicho nyuma yake. Pasipo chembe hakuna mwale. John Tyndall, mwanafizikia aliyezaliwa Ireland, alionyesha katika karne ya 19 kwamba hewa ikishaondolewa vumbi, mwanga mkali unaweza kupita ndani yake na hewa hiyo ikabaki giza kwa anayetazama kutoka ubavuni. Kijana wangu alikuwa amefanya kazi ya hewani peke yake na kuutaka mwale umulike na ndama pia.

Niseme hapa kwamba simlaumu. Wachoraji wetu wengi tumekulia kwenye picha za Tingatinga, ambazo uzuri wake unatokana na rangi bapa zinazong'aa zenyewe, wala hakuna anayeuliza taa iko upande gani. Ni mila nzuri sana, lakini haimfundishi mtu kuuliza mwanga umetoka wapi.

Jioni ile, yapata saa mbili usiku, tulitoka hadi kwenye kiwanja kisichojengwa nyuma ya nyumba zao. Tulikuwa na tochi ya LED ya dukani yenye kioo cha kuakisi, simu yenye kamera inayoruhusu mtu kupanga mwenyewe muda wa kupokea mwanga, na mfuko wa vumbi tuliouchota barabarani, ingawa upepo ulikuwa umekwisha kutufanyia kazi hiyo. Mlinzi wa nyumba ya jirani alituuliza tumepoteza nini. Kijana akamjibu bila kucheka kwamba tumepoteza ndama. Mzee yule alitazama huku na huku, akatuombea heri.

Nilimwambia aishike tochi na kumulika ukuta wa tofali uliokuwa mbele yetu. Aliona duara: kiini chenye mng'ao mkali katikati, na kukizunguka, mwanga hafifu mpana unaotoka kwenye balbu moja kwa moja bila kupitia kwenye kioo cha kuakisi. Mwale wenyewe hakuuona vizuri, kwa kuwa macho yake yalikuwa karibu na tochi na alikuwa akiutazama kwa urefu wake. Kisha mimi nikaishika tochi, yeye akaenda kusimama hatua kumi ubavuni kwangu. Hapo mwale ulijitokeza, mwembamba na hafifu kuliko alivyotarajia, ukiwa na mawimbi ya vumbi yanayopita ndani yake kama moshi wa kuni. Mwishowe akasogea mbele hadi nikawa namulika karibu kumwelekea, tochi ikimpita begani. Alipiga kelele: mwale ulikuwa umekuwa mkali mara kadhaa, na tochi ni ile ile.

Sababu yake ni ukubwa wa chembe. Vumbi linaloinuliwa na upepo lina chembe kubwa kuliko urefu wa mawimbi ya mwanga, ambao kwa rangi ya kijani ni takriban mikromita 0.55, na chembe za namna hiyo huusukuma mwanga mwingi uendelee mbele ulikokuwa ukielekea, kidogo sana ukarudi nyuma au kwenda ubavuni. Ndiyo maana dereva anayekutana na gari lenye taa kali kwenye barabara ya vumbi huona wingu linalowaka, wakati anayelifuata gari hilo kwa nyuma huona vumbi la kawaida tu. Kwa mchoraji maana yake ni kwamba hakuna kiwango kimoja sahihi cha ung'avu wa mwale. Kabla ya kuchagua brashi, inampasa aamue mtazamaji wa picha amesimama wapi ukilinganisha na tochi. Katika jalada letu mtazamaji amesimama ubavuni kabisa, kwa hiyo mwale unapaswa kuwa hafifu, pengine nusu ya ule aliouchora au pungufu ya hapo, na uzito wa picha ubebwe na kile kinachomulikwa.

Tuliporudi ndani tulianza upya na ardhi. Alichora mandhari yote kana kwamba ni mchana wenye mawingu, kisha tukaweka juu yake tabaka la bluu nzito kwa modi ya Malitiplai, ile inayozidisha rangi na hivyo kutia giza, usiku ukaingia kote. Tabaka hilo tulilipa maski, yaani kiziba kinachoamua sehemu zipi za tabaka zionekane, na kila alipopaka nyeusi ndani ya maski, usiku uliondoka na rangi halisi ya kitu ikarudi. Njia hii ina faida ambayo huipati kwa pembetatu nyeupe: udongo unarudi mwekundu, nyasi kavu zinarudi na manjano yake, na huna haja ya kubahatisha rangi ya kitu kilichomulikwa.

Swali likawa aondoe usiku kwa kiasi gani kadiri umbali unavyoongezeka. Kanuni inajulikana: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika kwenye kitu hubaki robo, ukiwa mara nne, hubaki moja ya kumi na sita. Kijana alikuwa anaijua tangu sekondari, na hapo ndipo alipoingia kwenye mtego wa pili, maana aliposikia robo aligawa 255 kwa nne akaandika 64. Thamani za rangi katika faili la kawaida la sRGB, mfumo wa rangi unaotumiwa na skrini nyingi, haziendi sambamba na wingi wa mwanga. Nusu ya mwanga huandikwa 188, robo huandikwa 137, na moja ya kumi na sita huandikwa 71. Tulichukua umbali wa mita 2 kutoka kwenye tochi kuwa kipimo cha mwanga kamili, kama ambavyo kamera ingefanya, na chochote kilicho karibu zaidi ya hapo tukakiacha kiungue kuelekea weupe. Ndama aliye mita 4 akapata 137, mbuyu ulio mita 8 ukapata 71, na hizo ni thamani za kitu cheupe. Kahawia ya ndama na kijivu cha gome huzipunguza tena. Alipoona mbuyu unabaki kivuli kikubwa chenye mistari michache ya gome upande wa tochi, alitaka kuuongezea mwanga. Nilimzuia. Mbuyu unaojificha nusu ndio unaomwambia mtoto msomaji kwamba usiku ni mkubwa kuliko tochi.

Umbo la mwanga ardhini nalo lilikuwa limekosewa. Tochi iliyoshikwa usawa wa kiuno na kuelekezwa mbele haiachi duara chini. Huacha duaradufu ndefu, yenye ukali upande wa karibu na inayofifia polepole upande wa mbali. Na kwa kuwa tochi iko chini kiasi hicho, kila kijiwe na kila kisiki cha mtama kilichobaki shambani hutupa kivuli kirefu, vivuli vyote vikitawanyika kutoka sehemu moja. Tulichora mistari ya kusaidia kutoka kwenye kioo cha tochi kupitia ncha ya kila kijiwe. Kazi hii ilimchukua saa nzima na ndiyo iliyobadilisha picha kuliko zote. Upande wa chini wa tumbo la ndama na kidevu cha mtoto tuliviongezea wekundu hafifu, kwa kuwa ardhi ya Ugogo ikimulikwa hurudisha mwanga wenye rangi yake.

Hapo ndipo tulipoufikia mwale. Tabaka jipya, modi ya Skrini, rangi yenye manjano kidogo ya vumbi ingawa LED yenyewe ni ya ubaridi, yaani yenye weupe wa kibluu, ya karibu kelvini 6,000. Mwale unaotazamwa kwa ubavu haufifii kwa kasi ile ile ya mwanga unaoanguka kwenye vitu. Ni kweli kwamba kila chembe iliyo mbali mara mbili hupata robo ya mwanga, lakini pale mwale umepanuka mara mbili, na jicho linatazama kupitia unene wa vumbi ulio mara mbili. Matokeo yake mng'ao hubaki nusu, si robo. Kwa hiyo mpito wa rangi tuliuweka kwa hesabu tofauti na ule wa ardhini: ukianza na thamani ya 90 karibu na tochi, umbali ukiwa mara mbili hushuka hadi takriban 64, na ukiwa mara nne hadi takriban 44. Kwa sababu hiyo hiyo ya unene, kingo za mwale huwa laini zenyewe, kwa kuwa pembeni jicho hupita kwenye vumbi kidogo kuliko katikati. Ukungu wa filta hautoi sura hii, kwani hulainisha kingo na kuuacha ndani ya mwale ukiwa bapa. Alipaka kwa brashi pana kiini kwanza, kisha mwanga hafifu unaokizunguka, halafu kwa brashi yenye madoa akafuta hapa na pale ili vumbi lionekane linakwenda na upepo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hata mimi nililisahau hadi tulipoitazama picha kwa mbali. Ndama alikuwa amesimama katikati ya mwale, lakini mwale uliendelea nyuma yake kana kwamba hayupo. Mwili unaozuia mwanga huacha kivuli ndani ya vumbi vilevile, mfereji wa giza unaopanuka kuelekea nyuma. Alipoufuta mwale kwa umbo la ndama, kuanzia mgongoni hadi kwenye mbuyu, mnyama yule aliacha kuwa picha iliyobandikwa, akawa amesimama mahali.

Tulifanya kazi hii katika biti 16 kwa kila rangi, ambazo huipa rangi hatua nyingi zaidi kati ya giza na mwanga kuliko biti 8 za kawaida. Katika biti 8 mpito wa giza kama huu hukatika vipande vinavyoonekana kama ngazi. Tuliongeza pia chembechembe hafifu juu ya anga ili kuzificha ngazi hizo, kabla ya kulirudisha faili kwenye biti 8 kwa ajili ya kupeleka.

Yakabaki macho ya fisi. Kijana aliyapenda kuliko kitu chochote katika picha ile, na kusema kweli yalikuwa yamechorwa vizuri: nukta mbili za kijani zenye duara la mng'ao, zikielea juu ya nyasi. Nilimwomba akumbuke kiwanjani alipokuwa hatua kumi pembeni yangu, wakati paka alipokatiza mbele na mimi nikamwambia macho yake yanawaka. “Mimi sikuyaona,” alisema. Hakuyaona kwa sababu hayakumwelekea. Fisi, paka, mbuzi na ng'ombe wana tabaka la kuakisi nyuma ya retina, utando wa jicho unaopokea mwanga, na mwanga unaoingia machoni mwao hurudi karibu kabisa na ulikotoka. Mwenye tochi huyaona yakiwaka. Aliyesimama pembeni haoni kitu. Mtazamaji wa jalada letu ndiye huyo wa pembeni. Mwale mpana unaoonekana kwa ubavu na macho yanayowaka ni vitu vya watazamaji wawili tofauti, na picha moja haiwezi kusimama mahali pawili.

Tulibishana hapo kwa muda. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto wa darasa la tatu hatajua, nami nakubali kwamba hatajua kwa maneno. Lakini mtoto aliyekulia kijijini, ambaye amewahi kumulika zizi usiku na kuona macho ya mbuzi yakimjibu, amekwisha kujua kwa mwili wake. Mwishowe aligawa mambo. Jalada likabaki na mwale, na fisi akawa umbo tu la mabega yaliyoinama nyuma ya mbuyu, pale ambapo mwanga hafifu wa pembeni wa tochi ungeweza kugusa manyoya ya mgongo. Macho aliyahamishia kwenye picha ya ukurasa wa ndani, ambako mtazamaji anaangalia kutokea juu ya bega la mtoto. Huko hakuna pembetatu ya aina yoyote, ni duaradufu ya mwanga ardhini, utando mwembamba wa vumbi mbele, na kwa mbali nukta mbili za kijani.

Aliituma siku ya Jumatatu. Jibu lilikuja baada ya siku chache, na safari hii halikugusa mwanga hata kidogo. Mchapishaji aliuliza tu kwa nini ndama hana kengele shingoni, ilhali hadithi inasema mtoto aliisikia kabla ya kumwona. Kijana aliniandikia ujumbe usiku ule: kengele ameichora, ni ya chuma kilichopigwa kwa nyundo, na sasa anataka kujua nukta ya mng'ao aiweke upande gani. Nilimjibu achore mstari kutoka kwenye tochi.